Bei ya Kutojulikana: Hesabu za Riwaya ya Vijana Dodoma

Nakala 3,000 za riwaya ya vijana zina uzito wa kilo 480 hivi. Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Kitabu cha kurasa 128 cha ukubwa wa A5 kina karatasi 64. Karatasi moja kubwa ya A1 hutoa karatasi 16 za namna hiyo, kwa hiyo kitabu kizima kinakula A1 nne. Kwa karatasi ya gramu 70 hizo ni gramu 140. Ongeza jalada, unafika 160 hivi. Zidisha mara 3,000. Toleo zima linaingia kwenye pikapu ya tani moja, nusu ya uwezo wake ikabaki, na likiondoka Dar es Salaam alfajiri linafika Dodoma siku hiyo hiyo, mwendo wa kilomita 450 hivi kwa barabara. Na nakala 3,000, kwa riwaya ya Kiswahili isiyo kwenye orodha ya vitabu teule vya shule, ni toleo la mchapishaji jasiri.

Sasa tuangalie wanaoisubiri pikapu hiyo. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 3,085,625 katika Mkoa wa Dodoma, 765,179 kati yao wakiwa ndani ya Jiji. Nchi yetu ni ya vijana. Kusema kwamba mtu mmoja kati ya watano ana umri wa miaka 10 hadi 19 ni kukadiria kwa chini. Hata kwa kadirio hilo mkoa una vijana 617,000 wa rika hilo. Mzigo wote ukishushwa hapa hapa, Kondoa hadi Mpwapwa, Bahi hadi Kongwa, bila nakala moja kupelekwa Singida, kila nakala itagombewa na vijana 206. Ukisambazwa nchi nzima, yenye watu 61,741,120, nakala moja itawaangukia vijana zaidi ya 4,100.

Mtu akiziona namba hizi hukimbilia kulaumu karatasi, kodi na viwanda vya kupiga chapa. Vyote hivyo vina uzito wake. Lakini ukikaa na kalamu ukaifuata shilingi tangu kwa mwandishi hadi kwa msomaji, unakuta tundu kubwa zaidi liko mahali ambapo hakuna anayelipa chochote: kijana wa Chamwino hajui kitabu hicho kipo, mwalimu wake hajui kama kinafaa, na mwenye duka pale mjini hana sababu ya kukiagiza. Kutojulikana kuna bei yake, na bei hiyo inahesabika.

Tuanze na kiwanda. Mashine ya ofseti inachapa kwa pleti. Kila upande wa karatasi kubwa unataka pleti yake, kwa hiyo karatasi nne za kitabu chetu zinataka pleti nane za wino mweusi. Jalada la rangi linaongeza nne. Jumla 12. Pleti hizo 12 zinalipiwa sawasawa, uchape nakala 100 au 10,000. Mhariri naye hapunguzi malipo kwa sababu kitabu kitachapwa kidogo. Vivyo hivyo msanifu wa kurasa na mchoraji wa jalada.

Tuchukue mfano wa kufanyia hesabu; tarakimu zake ni zangu, na kila mchapishaji anaweza kuweka za kwake. Tuseme gharama zote za mwanzo ni shilingi milioni 4, na karatasi, wino na kujalidi vinagharimu 2,500 kwa kila nakala. Kwa nakala 500, kila moja inakuwa imegharimu 10,500. Kwa nakala 1,000 ni 6,500. Kwa 3,000 inashuka hadi 3,833, na kwa 10,000 inafika 2,900. Kitabu ni kile kile, chenye hadithi ile ile na makosa yale yale ya chapa. Kilichobadilika ni idadi ya watu wanaotarajiwa kukinunua.

Sasa kiweke dukani kwa shilingi 10,000. Mwenye duka akichukua asilimia 30, ni 3,000. Mwandishi akipata mrabaha wa asilimia 10, ni 1,000. Mchapishaji anabaki na 6,000. Aliyechapa nakala 500 akaziuza zote amepoteza 2,250,000. Aliyechapa 1,000 akamaliza zote bado ana hasara ya 500,000. Aliyechapa 3,000 anarudisha mtaji wake akifika nakala ya 1,917, na zikiisha zote ana faida ya milioni 6.5.

Geuza hesabu hiyo upande wa msomaji ndipo inapouma. Ili mchapishaji wa nakala 500 asipate hasara, bei ya dukani lazima ifike 17,500. Mchapishaji wa nakala 3,000 mwenye uhakika wa kuziuza zote anaweza kuuza kwa 6,500 na bado akasalimika. Tofauti ni shilingi 11,000 kwa kitabu kimoja, na msomaji anailipa kwa sababu moja tu: wasomaji wenzake hawajasikia habari za kitabu hicho. Kwa kulinganisha, treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam ilikuwa 31,000. Riwaya ya 17,500 ni zaidi ya nusu ya nauli hiyo. Mzazi wa Hombolo hawezi kulaumiwa akiirudisha kwenye rafu.

Shuleni je? Ruzuku ya Serikali kwa mwanafunzi wa sekondari imepangwa kuwa shilingi 25,000 kwa mwaka, na ya shule ya msingi 10,000. Hiyo ndiyo inayotakiwa kubeba vitabu vya kiada, chaki, mitihani na ukarabati. Riwaya moja ya 10,000 ingemaliza asilimia 40 ya fungu la mwaka la mwanafunzi wa sekondari. Hakuna mkuu wa shule mwenye akili timamu atakayeinunua kwa kubahatisha. Lakini mkuu huyo huyo angefikiri tofauti akijua kitabu kitasomwa. Kikiazimwa kwa siku 14, kwa mwaka wa shule kinapita mikononi mwa wasomaji 13 hivi. Kikidumu miaka mitatu wamefika 39, na gharama kwa kila msomaji imeshuka hadi shilingi 256. Hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja, kwamba kitabu kiwe na mvuto wa kutoka mkono hadi mkono. Kitabu kibaya kitakaa kabatini miaka hiyo mitatu kikiwa kipya kabisa, nacho kitakuwa kimegharimu 10,000 kwa msomaji wake mmoja, labda mwalimu wa zamu.

Kwa hiyo swali ni hili: mkuu wa shule atajuaje?

Kwa miongo kadhaa jibu la nchi hii limekuwa mtihani. Vitabu ambavyo vijana wetu wengi wanavikumbuka ni vile vya orodha ya fasihi ya kidato cha tatu na cha nne: Takadini cha Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, Joka la Mdimu cha Abdallah Safari, tamthiliya ya Kilio Chetu. Ni vitabu vyenye watoto na vijana ndani yake, vinavyozungumzia ulemavu wa ngozi, umaskini wa mjini, UKIMWI na wazazi wanaoogopa kusema. Navipenda na nisingependa hata kimoja kitoweke. Ila orodha ya mitihani haitafuti kitabu kipya. Kikishaingia hakihitaji kusifiwa wala kukosolewa, maana soko lake limeshapangwa na ratiba ya masomo. Uchambuzi unaoandikwa juu yake unakuwa ni mwongozo wa kujibu maswali: dhamira, wahusika, falsafa ya mwandishi, kufaulu na kutofaulu kwake. Kijana anaweza kupata alama nzuri kwa kusoma mwongozo bila kuifungua riwaya yenyewe, na wengi hufanya hivyo.

Jibu la pili limekuwa tuzo. Mwaka 2008 shirika la CODE la Kanada, kwa fedha za mfadhili William Burt na kupitia Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulioanzishwa 1991, lilianzisha hapa kwetu Tuzo ya Burt ya riwaya za vijana. Ilikuwa na jambo moja la busara kuliko tuzo nyingi ninazozifahamu: pamoja na zawadi ya mwandishi, mchapishaji wa kitabu kilichoshinda alihakikishiwa kununuliwa nakala kwa maelfu, zipelekwe shule na maktaba. Rudi kwenye hesabu yetu uone maana yake. Ununuzi wa uhakika wa nakala 1,917 tu kwa masharti ya mfano wetu unaiondoa hasara yote kabla duka halijauza hata moja. Burt alilipia idadi, na idadi ndiyo dawa ya bei.

Upungufu wake ulikuwa lugha. Tuzo hiyo ilitafuta hadithi za Kiingereza, kwa nia njema ya kumsaidia mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili akaingia sekondari na kukuta karibu masomo yote kwa Kiingereza. Nyanda za kati ziliihitaji nia hiyo kama mahali pengine popote. Hata hivyo kijana wa Mvumi au wa Manyoni, ambaye nyumbani anasema Kigogo au Kinyaturu na mtaani Kiswahili, anapotaka hadithi ya kumfurahisha jioni hataki mazoezi ya sarufi ya lugha ya tatu.

Kiswahili kimepata tuzo zake pia. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, ina zawadi za jumla ya dola 15,000. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023: milioni 10 kwa mshindi wa kwanza, 7 kwa wa pili, 5 kwa wa tatu, na kazi ya mshindi wa kwanza kuchapishwa kwa ajili ya shule. Makundi yake yamekuwa riwaya, ushairi, hadithi za watoto na tamthiliya. Msomaji wa miaka 15 anaangukia katikati, kati ya hadithi ya sungura na riwaya ya watu wazima. Marekani walilitengenezea rika hilo tuzo yake, ya Michael L. Printz, tangu mwaka 2000, nayo inatolewa na wakutubi, watu wanaowaona vijana wakichagua na kurudisha vitabu kila siku.

Tuzo inawatazama washindi watatu. Vitabu vingine vyote vilivyotoka mwaka huo, vizuri na vibaya, vinabaki gizani pamoja. Ithibati ya Wizara ya Elimu nayo ina kazi nyingine: inajibu kama kitabu kinafaa kuingia darasani. Haimwambii mtoto kama kitamkosesha usingizi.

Februari 2023 tulilipa gharama ya pengo hilo hadharani. Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid vya Jeff Kinney, kwa hoja ya maadili. Wazazi wengi walisikia majina ya vitabu hivyo siku ile kwa mara ya kwanza, ingawa watoto wao walikuwa wakivisoma. Sina nia ya kuufungua upya mjadala wa nani alikuwa sahihi. Ninachokiona ni kwamba nchi nzima ilijadili vitabu vya vijana kwa wiki kadhaa, na karibu wote waliozungumza hawakuwa wamevisoma. Kama magazeti na redio zetu zingekuwa na mazoea ya kuhakiki kile watoto wanachosoma, mzazi angekuwa ameshajua kilichomo na kuamua mwenyewe mapema.

Dodoma ina historia inayoweza kutusaidia kufikiri. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917, aliandika historia, mila na desturi za Wagogo, iliyochapishwa 1954, kisha akaja kulea ngonjera. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka 1970 na 1971, baada ya yeye kufariki 1969. Fikiria namna ngonjera ilivyoenea. Mwalimu mmoja mwenye nakala moja aliwafundisha watoto kumi, watoto kumi wakasimama mbele ya shule nzima na wazazi siku ya sherehe, na kesho yake kijiji kizima kinajibizana kwa mishororo. Nakala moja, wasikilizaji mia kadhaa. Mnyampala alipata usambazaji ambao hakuna pikapu ingeweza kuubeba, kwa sababu kila aliyeisikia alikuwa pia mtangazaji wake.

Jarida la Fema la shirika la Femina Hip, lililoanza 1999, lilifuata njia inayofanana. Lilichapwa kwa zaidi ya nakala 100,000 na kupelekwa bure mashuleni, ambako klabu za wanafunzi zililisoma kwa kupokezana, kulijadili na kuandika barua. Toleo moja la jarida hilo ni sawa na matoleo 33 ya riwaya yetu ya nakala 3,000. Vijana wa Tanzania hawajawahi kuwa wavivu wa kusoma kinachowahusu pindi kinapowafikia.

Na leo wanasoma simuni. Hadithi za mfululizo zinaandikwa Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu za kwanza bure, zilizobaki kwa malipo madogo ya simu. Hapa kuna hesabu inayopaswa kumnyima usingizi kila mchapishaji. Kwenye kitabu chetu cha 10,000, mwandishi anapata mrabaha wa 1,000. Akiiuza hadithi hiyo hiyo simuni kwa 1,000, mapato yake kwa kila msomaji yanakaribia kuwa yale yale, na msomaji amelipa sehemu moja ya kumi. Zaidi ya hapo, msomaji anaandika maoni papo hapo: sehemu ya nane imepwaya, yule shangazi amepotelea wapi, mbona tajiri anashinda kila mara. Huo ni uhakiki, na mwandishi anausoma usiku ule ule.

Lakini simu ina mipaka yake. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nayo shuleni, na mwenye kulala bweni Msalato au Mpwapwa anaishi na karatasi kwa miezi. Maoni ya simuni pia humwendea mwandishi ambaye tayari ana wafuasi. Mgeni mwenye mswada mzuri wa kwanza, hasa binti kutoka wilayani asiye na jina, anasubiri mtu amsome.

Mtu huyo anagharimu kiasi gani? Kitabu chetu kina maneno 38,000 hivi. Kwa mwendo wa maneno 200 kwa dakika kinasomeka kwa saa tatu na dakika kumi. Uhakiki wa maneno 600 ulioandikwa kwa uangalifu unachukua saa nyingine tatu. Ni kazi ya siku moja. Mlipe mhakiki shilingi 50,000 na nakala ya kitabu yenye thamani ya 10,000. Chukua riwaya 30 mpya za vijana kwa mwaka, kila moja ihakikiwe na watu wawili wasiojuana: uhakiki 60, jumla 3,600,000. Kiasi hicho ni kidogo kuliko zawadi ya mshindi wa tatu wa tuzo ya taifa, nacho kingeangaza vitabu 30 badala ya vitatu.

Dodoma ndipo pa kuanzia, na sisemi hivyo kwa sababu ni makao makuu. Chuo Kikuu cha Dodoma kimekuwapo tangu 2007, na kinafundisha Kiswahili na fasihi kwa watu wanaokwenda kuwa walimu. Chuo Kikuu cha St John's kiko pale ilipokuwa shule ya sekondari ya Mazengo. Chuo cha ualimu kiko Mpwapwa. Kuna maktaba ya mkoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na redio za jamii zinazosikika vijijini ambako hakuna duka la vitabu, ila steshenari inayouza daftari. Wizara ya Elimu yenyewe iko hapa. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuwaunganisha.

Mmoja wa wahakiki wawili awe kijana wa rika la wasomaji, na jina la kitabu kibaya litajwe kama la kizuri. Hili la pili litakuwa gumu. Waandishi wetu ni wachache, wanafahamiana, na tumezoea kupongezana kwenye uzinduzi. Lakini mkuu wa shule mwenye fungu la 25,000 kwa mwanafunzi hatauamini uhakiki unaosifu vitabu vyote 30. Akidanganywa mara moja, hatasoma tena uhakiki wowote, na pamoja na kitabu kibaya atakiacha na kile ambacho kingewakosesha watoto wake usingizi bwenini.

Mchapishaji naye asisubiri mfadhili. Katika toleo la nakala 3,000 atenge nakala 60: mbili za wahakiki, chache za redio na maktaba ya mkoa, zilizobaki zigawiwe klabu za wanafunzi katika wilaya zote. Kwa gharama ya 3,833 kila moja, ni shilingi 230,000 hivi. Ongeza malipo ya wahakiki wawili, 100,000. Gawanya jumla hiyo kwa nakala 2,940 zinazobaki za kuuza: ni shilingi 112 kwa kila kitabu.